Kikohozi Kikizidi Wiki Mbili: Mwongozo wa Kifua Kikuu kwa Wakazi wa Mbeya na Iringa

Ukifika mwezi wa saba, nyanda za juu zote zinakohoa. Uyole, Tukuyu, Mafinga, Kihesa, kote ni makoti ya mtumba na kofia za kusuka, madirisha yamefungwa tangu saa kumi na mbili jioni, na kila anayekohoa ana maelezo yake tayari. Ni baridi. Ni vumbi la kiangazi. Ni moshi wa jiko. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo maana kifua kikuu (TB) kinapata pa kujificha kwetu kuliko kwa watu wa joto. Baridi haimpi mtu TB. TB inaletwa na bakteria anayesafiri kwa hewa kutoka kwenye mapafu ya mgonjwa hadi kwenye mapafu yako. Kazi ya baridi ni kutufungia ndani na bakteria huyo, kisha kutupa kisingizio cha kutokwenda kupima.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwenye kikohozi kisichoisha, na kwa yule anayelala naye nyumba moja. Kipimo cha TB na dawa zake havina malipo katika vituo vya serikali, na pia katika hospitali za mashirika ya dini zinazofanya kazi na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Kwa maoni yangu, kinachotumaliza huku si uhaba wa dawa. Ni wiki zinazopotea kabla mtu hajafika mahali dawa ilipo.

Hesabu wiki, usihesabu chupa

Wiki hizo nyingi zinapotelea kwenye duka la dawa. Mazungumzo ya namna hii hayakosekani:

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nipe ile dawa ya kifua ya siku ile."

"Imeisha tena? Si ulichukua juzi juzi tu?"

"Baridi ya huku si unaijua."

Muuzaji aliyefundishwa kazi yake anaishia hapo, haongezi chupa. Mpango wa Taifa umekuwa ukiwashirikisha wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, na hata waganga wa tiba asili, ili wamtambue mwenye dalili na kumwelekeza kituoni. Muuzaji wako akikuandikia kikaratasi cha kwenda zahanati badala ya kukuuzia dawa, usinune. Amejinyima mauzo kwa faida yako.

Hesabu ya kushika ni rahisi: kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa TB, kiwe na makohozi au kiwe kikavu, uwe na mafua au huna. Ukiona pamoja nacho homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka hata kwenye baridi ya Igoma au Mufindi, suruali inayohitaji mkanda wakati zamani haikuhitaji, au damu kwenye makohozi, usingoje hata hizo wiki mbili zitimie. Kwa mtoto, dalili inayotangulia mara nyingi ni uzito: kwenye kadi ya kliniki mstari umelala au unashuka, na mtoto hachezi kama wenzake. Na TB si ya mapafu tu. Tezi zinazovimba shingoni bila maumivu makali, mgongo unaouma miezi na kuanza kupinda, maji kwenye kifua au tumboni, vyote vinaweza kuwa TB, hata kama mgonjwa hakohoi kabisa.

Kuna dawa moja ya dukani ninayotaka uiogope zaidi ya syrup. Ni siprofloksasini, pamoja na ndugu yake levofloksasini. Watu wanainunua kwa mkojo unaochoma, kwa tumbo, na sasa hata kwa kifua. Dawa za ukoo huo zinamgusa bakteria wa TB kidogo: kikohozi kinatulia siku chache, mgonjwa anaamini amepona, kisha kinarudi. Muda umepotea, na bakteria wameonjeshwa dawa ambayo siku moja ingehitajika kutibu TB sugu.

Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI hesabu ya wiki mbili haipo. Kikohozi cha siku yoyote kinasemwa kwenye kliniki ya VVU (CTC) siku hiyo hiyo. Nalitaja hili kwa mkazo kwa sababu ya mahali tunapoishi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, lakini Iringa ni 11.1 na Mbeya 9.6. Mwili wenye VVU usiotibiwa hauwezi kumlaza bakteria wa TB kama mwili mwingine unavyomlaza, na uwezekano wa kuugua unapanda zaidi ya mara 10. Watu wengi waliowahi kumvuta bakteria huyu hawataugua maishani mwao. Kinga inamfungia ndani, amelala. VVU, kisukari, pombe nyingi, lishe duni na vumbi la mawe ndivyo vinavyomwamsha.

Kikopo cha makohozi

Ukifika kituoni, sema dirishani mapema kwamba una kikohozi cha wiki kadhaa. Wahudumu wanapaswa kukupitisha mbele na kukukalisha penye hewa, usikae benchi moja na wajawazito na watoto wa chanjo. Ukiona wamesahau, wakumbushe; huo si ujeuri.

Utapewa kikopo chenye kifuniko cha kuzungusha. Watu wengi wanakosea hapa, na kosa lao linazaa majibu ya uongo, kwa hiyo soma taratibu. Kwanza hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kikopo chenyewe. Kifuniko kinaweza kuchanganywa na cha mwingine. Sukutua mdomo kwa maji ili mabaki ya chakula yatoke. Nenda nje, mahali pa wazi, mbali na watu. Usiende chooni wala usijifungie chumbani. Vuta pumzi ndefu, uishike kidogo, iachie. Rudia. Mara ya tatu kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, kama mtu anayetaka kutoa kitu kilichokwama, na utemee ndani ya kikopo bila kuchafua ukingo. Kinachotakiwa ni kitu kizito, cha njano, kijani au cheupe kinachovutika, kiasi cha kijiko cha chai kimoja hivi. Mate mepesi yenye povu hayasaidii, na maabara wakipima mate watakuandikia "hasi" wakati mapafu yako yamejaa. Sampuli ya asubuhi, kabla hujanywa hata chai, ndiyo bora, kwa sababu makohozi yamekusanyika usiku kucha. Funga kikopo vizuri, kiweke mbali na jua na joto la jiko, kipeleke mapema.

Penye mashine ya GeneXpert, kipimo chenyewe kinachukua saa mbili hivi. Kinasema mambo mawili: kama bakteria wa TB wamo, na kama wanaonyesha usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya tiba. Zahanati nyingi za vijijini hazina mashine hiyo. Makohozi yanasafirishwa kwenda kituo kikubwa, na majibu yanarudi baada ya siku kadhaa. Acha namba ya simu inayopatikana, na kama ni ya jirani, mwambie jirani. Mgonjwa aliyepimwa akakutwa na TB, kisha akatafutwa asionekane, ni hasara kubwa kuliko yule ambaye hakupima, kwa sababu kazi yote ilikwisha fanyika.

Jibu la "hasi" kwa mtu anayezidi kukonda halifungi mjadala. Omba eksirei ya kifua, omba kipimo kirudiwe. Watoto wadogo wanameza makohozi badala ya kuyatema, kwa hiyo kwao daktari anaweza kutumia choo, majimaji ya tumboni asubuhi, eksirei, au historia ya nyumba tu: nani anakohoa pale mtoto anapolala? Ugumu huu wa kuwapima watoto ni wa dunia nzima, na sehemu ya kazi ya kuutatua imefanyika hapa hapa, katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR Mbeya, ambako walijaribu kipimo cha damu kwa watoto na matokeo yake yakachapishwa 2014.

Siku hiyo hiyo utashauriwa kupima VVU. Kubali. TB na UKIMWI ni magonjwa mawili. Wapo wengi wenye TB wasio na VVU hata chembe, na minong'ono ya mtaani inayowaunganisha daima ndiyo inayowafanya watu wafiche makohozi. Lakini kama vyote viwili vipo, tiba ya kimoja bila kingine ni kazi nusu.

Miezi sita

Wazee wa Tukuyu na Kilolo wanakumbuka tiba nyingine kabisa: kulazwa wodini miezi miwili, sindano kila siku, kisha vidonge hadi miezi minane itimie. Utaratibu huo ulikuwa sehemu ya mpango ulioanzishwa Tanzania 1977, ukisaidiwa na daktari mzaliwa wa Czechoslovakia, Karel Styblo. Alichokijenga na Watanzania kilikuwa cha kawaida kukitazama: darubini wilayani, dawa zisizokatika, daftari lenye jina la kila mgonjwa, na mratibu wa wilaya anayelifuata jina hilo hadi nyumbani. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lililichukua wazo hilo na kulisambaza ulimwenguni. Yule mratibu wa kifua kikuu na ukoma anayekuja kijijini kwenu kwa pikipiki, basi, ni sehemu ya mfumo ambao nchi nyingine zilijifunza kutoka kwetu.

Leo tiba ya kawaida ni ya vidonge, unalala kwako, na ni miezi sita. Miezi miwili ya kwanza unameza kidonge mseto chenye dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili za kwanza. Idadi ya vidonge inatokana na uzito: mtu mzima wa kilo 40 hadi 54 anameza vitatu kwa mara moja, wa kilo 55 hadi 70 vinne. Ndiyo maana unapimwa uzito kila unaporudi; ukinenepa, na utanenepa, dozi inaweza kuongezwa. Meza vyote kwa pamoja, saa ile ile kila siku, tumbo likiwa tupu ikiwezekana. Kama vinakuchefua, kunywa uji kidogo kuliko kuviacha.

Hatari ya mtu kuacha dawa iko karibu na mwezi wa pili. Kikohozi kimeisha, shavu limerudi, shamba linamwita. Anauliza kwa haki kabisa: nimepona, ya nini tena? Jibu lake limewahi kutafutwa, na wagonjwa wa Mbeya walishiriki kulitafuta. Utafiti ulioitwa REMoxTB ulijaribu kufupisha tiba iwe miezi minne kwa kuweka moksifloksasini mahali pa moja ya zile dawa nne. Ulihusisha wagonjwa 1,931 katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo kupitia Mbeya na Moshi. Matokeo yalitoka 2014: makohozi yalisafika mapema zaidi kwa waliopewa dawa mpya, lakini waliougua tena baada ya tiba walikuwa wengi kuliko wale wa miezi sita. Makohozi safi, kumbe, si ushahidi kwamba bakteria wote wamekufa. Wapo wanaojibanza na kungoja. Tangu hapo watafiti wamepata mchanganyiko mwingine wa miezi minne unaofanya kazi, na mtoto mwenye TB nyepesi anaweza kupangiwa miezi minne. Hayo ataamua daktari, si wewe na shamba lako la mahindi.

Sasa madhara, maana hayo nayo yanawakimbiza watu. Mkojo, jasho na hata machozi vitabadilika rangi, vitakuwa kama fanta. Ni rifampisini, haina neno, na ukiona rangi hiyo ujue dawa inaingia. Viungo kuuma na ganzi ya miguu ni vya kusema kliniki. Ganzi inazuiwa kwa vitamini B6, idai kama hukupewa. Lakini macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi mweusi, ukitapika mfululizo, au ukianza kuona ukungu na kuchanganya nyekundu na kijani, simamisha vidonge na uende kituoni siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kadi.

Rifampisini ina tabia ya kuzimaliza nguvu dawa nyingine mwilini. Mama anayetumia vidonge vya majira au kijiti amwambie nesi siku ya kwanza, kwa sababu anaweza kupata mimba huku akiamini yuko salama. Sindano ya miezi mitatu au kondomu ni njia ya kuzungumzia. Anayetumia dawa za VVU (ARV) zenye dolutegravir ataongezewa kidonge kingine cha dolutegravir, ili dozi iwe mara mbili kwa siku. Mwenye dawa za kisukari, kifafa au za kuyeyusha damu afike nazo mkononi azionyeshe.

Ulanzi je? Nauliza kwa niaba ya Iringa nzima, ambako masika bila ulanzi ni masika pungufu, na kwa niaba ya Mbeya na komoni yake. Dawa hizi zinapita kwenye ini, pombe nayo inapita huko huko. Miezi sita iache. Wapo watakaosoma hapa na kuacha dawa badala ya pombe. Kama wewe ni wa namna hiyo, ambaye hawezi kabisa, usikose dawa kwa sababu ya kunywa. Nenda kliniki useme ukweli, wakusimamie kwa karibu zaidi.

Utatakiwa kuwa na msimamizi, mtu wa kukuona ukimeza. Anaweza kuwa mke, mume, mtoto mkubwa, jirani au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Usichague mtu unayemwogopa wala mtu asiyeshinda nyumbani. Kadi yake ya kuweka alama ni ya kweli, si mapambo: makohozi yatarudiwa kupimwa mwisho wa mwezi wa pili, mwezi wa tano na mwisho wa tiba, na kama kuna jambo halijaenda sawa, kadi hiyo ndiyo itakayoonyesha lilipoanzia.

Halafu kuna kusafiri. Watu wetu hawakai: msimu wa mpunga wako Mbarali, nyanya zikikomaa wako Ilula, dhahabu ikisikika wako Chunya, mbao wako Sao Hill. Tiba ya TB inasafiri nawe ukitaka. Mwambie nesi wiki moja kabla ya kuondoka. Akuandikie barua ya uhamisho, akupe dawa za kukufikisha, na akutajie kituo cha huko uendako. Mtu anayeondoka kimyakimya anaandikwa mtoro kwenye rejesta, naye anaona aibu kurudi. Kama limeshakutokea, rudi hivyo hivyo. Watakukaripia dakika mbili, kisha watakupima na kuanza upya.

Hewa, si kikombe

Nyumba nyingi zinamtengea mgonjwa wa TB sahani, kikombe na kijiko, halafu usiku zinamlaza chumba kimoja na watoto watatu, dirisha limezibwa kwa gunia. Huko ni kupanga kinyume. TB haiambukizwi kwa kikombe, sahani, kushikana mikono, nguo wala kitanda. Inaambukizwa kwa hewa ya chumba kilichofungwa ambamo mtu mwenye TB ya mapafu asiyetibiwa amekohoa, kuimba au kuongea kwa saa nyingi. Katika kilabu cha ulanzi, kata inayozunguka mdomo kwa mdomo si hoja; hoja ni kibanda chenye mlango mmoja na watu 30 ndani yake hadi usiku.

Kwa hiyo mwachie mgonjwa kikombe chake cha siku zote, na umtafutie hewa. Mchana fungua dirisha na mlango unaotazamana nalo ili upepo upite. Jua likiingia ni bora zaidi, kwa kuwa mwanga wake unawaua bakteria hawa. Usiku wa baridi sikudanganyi kwamba utalala dirisha wazi Mufindi. Acha nafasi ndogo juu, ongeza blanketi, na wiki za kwanza mgonjwa alale peke yake kama chumba kipo. Akohoe kwenye kitambaa au kiwiko, na makohozi ayatemee kwenye kopo lenye kifuniko, yamwagwe chooni. Akimeza dawa sahihi kila siku, baada ya wiki mbili hivi uwezo wake wa kuambukiza umeshuka sana. Kumtenga miezi sita hakuna faida yoyote. Ni ukatili tu.

Kazi kubwa ya nyumba ni nyingine: wote wanaolala humo wachunguzwe. Kila mmoja, hata asiyekohoa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiye na TB apewe dawa kinga, na anayeishi na VVU vilevile. Dawa hiyo inaweza kuwa isoniazidi ya kila siku kwa miezi sita, au ile ya vidonge vinavyomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Kituo kitasema ipi inamfaa nani. Wazazi wengi wanagoma hapa: mtoto mzima wa afya anameza dawa ya nini? Anameza kwa sababu bakteria huenda tayari yumo, amelala, na kwa mtoto mdogo akiamka anaweza kukimbilia ubongoni. Chanjo ya BCG anayochomwa begani akizaliwa inamkinga na TB hiyo ya ubongo na ile inayotapakaa mwilini, lakini kinga yake haitoshi kumwacha alale na mgonjwa hivi hivi.

Duarani na zizini

Chunya panahitaji neno lake. Mchimbaji mdogo anashuka kwenye duara, shimo la mgodi lisilo na hewa, anapasua mwamba, au anashinda kwenye karasha ya kusaga mawe akila vumbi jeupe. Vumbi hilo la silika linakwaruza mapafu na kuyaacha na makovu, na mapafu ya namna hiyo hayawezi kumzuia bakteria wa TB. Kisha jioni ni kambi ya turubai, watu wanane ndani. Kitambaa ulichofunga puani kinazuia mchanga. Vumbi lenyewe baya, lile jembamba, kinalipitisha. Kinachosaidia zaidi ni maji: lowesha mwamba kabla ya kupasua na kabla ya kusaga, ili vumbi lisiruke. Wenye maduara wanajua hili. Wengi hawalifanyi kwa sababu maji ya Chunya yanauzwa, na mimi nasema gharama hiyo ni yao, si ya mapafu ya kibarua. Mchimbaji apime makohozi hata kama kikohozi anakiita cha kazi.

Usangu na mahali pengine penye ng'ombe kuna njia ya pili ya TB, maziwa mabichi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakiongozwa na Rudovick Kazwala walichunguza ng'ombe wa Nyanda za Juu Kusini na kuandika kuhusu TB yao 2001. TB ya ng'ombe humwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, na mara nyingi hutokea kama tezi za shingo au tumbo. Chemsha maziwa hadi yafure, na hata ya kugandisha yachemshwe kwanza. Mfugaji mwenye tezi amwambie daktari kwamba anafuga, maana bakteria wa ng'ombe hasikii moja ya zile dawa nne.

TB sugu, na baada ya tiba

Wagonjwa wachache wataambiwa wana TB sugu. Si hukumu ya kifo. Zamani wote walisafirishwa hadi Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, iliyoanza kutibu usugu 2009. Siku hizi tiba hiyo imesogezwa mikoani, na 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa vidonge wa miezi sita badala ya tiba ndefu ya zamani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mtu huupata usugu kwa njia mbili: kwa kumeza dawa kwa kuruka-ruka, au kwa kuvuta hewa ya mwenye usugu bila kosa lake lolote. Tafadhali usimhukumu mgonjwa kabla hujajua ni ipi.

Ukimaliza miezi sita na makohozi yakawa safi, unaweza bado kuhema ukipanda mlima au kukohoa asubuhi za baridi. TB ikipona inaacha makovu. NIMR Mbeya ni kati ya vituo vilivyofuatilia wagonjwa waliopona ili kuona mapafu yao yanaendeleaje, katika utafiti wa nchi nne za Afrika uitwao TB Sequel. Usirudie dawa za TB kwa kubahatisha. Rudi upime, na kama ni kovu, utasaidiwa kama kovu. Sigara, kama ulikuwa unavuta, basi tena.

Nchi imepiga hatua kubwa: makadirio ya Shirika la Afya Duniani yanaonyesha wagonjwa wapya walishuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 195 mwaka 2022. Hata hivyo Tanzania bado ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani.

Kama wewe au wa nyumbani kwako mna kikohozi kisichoisha, nendeni zahanati iliyo karibu kesho asubuhi, kabla ya chai. Kwa maswali, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Na mahali popote utakapodaiwa hela ya vidonge vya TB katika kituo cha serikali, usilipe na usirudi nyumbani: muulizie mratibu wa kifua kikuu na ukoma, ofisi yake iko kwa mganga mkuu wa wilaya.